Ikulu Ilipolala Chumba Kimoja na Chapati

Nchi yetu ina jina zuri, lakini kwa sasa jina hilo liko kwenye mapitio ya kamati, kwa hiyo nitaiita nchi yetu tu. Wenye nchi zao wasijishuku. Yaliyotokea hapa hayawezi kutokea kwao.

Kwa miaka mingi tovuti za nchi yetu zilikaa ughaibuni, kwenye kompyuta za kukodi ambazo wataalamu huziita wingu. Hakuna cha ajabu hapo. Ni kompyuta za watu, kwenye majengo ya watu, zinatumia umeme wa watu, na sisi ni wapangaji. Na kwa kuwa kupanga pamoja kuna nafuu, tovuti nyingi zilibanana kwenye mashine moja, kama familia zinazopanga nyumba moja na kutumia choo kimoja. Ya Ikulu ilikuwamo. Ya Wizara ya Mifugo ilikuwamo. Ya mganga wa meno, ya fundi majeneza, na ya Bi. Sikitu Mbonde, muuza chapati wa Kota za Reli, zilikuwamo pia. Hakuna aliyelalamika. Ikulu haikuwahi kusema kwamba Bi. Sikitu anapiga kelele.

Ndipo Waziri wa Mitambo na Heshima, Mheshimiwa Kasimbazi, aliposafiri kwenda kuzikagua. Alipokelewa na kijana mrefu aliyevaa kandambili, akapitishwa kwenye ujia wenye vitaa vingi.

"Ikulu yetu ni ipi?" aliuliza Waziri.

"Imo humu."

"Humu wapi?"

"Popote penye nafasi."

Waziri alivikagua vile vitaa. "Na jirani yake ni nani?"

Yule kijana, bila ubaya wowote, alibonyeza akasoma: "Chapati za Sikitu. Laini, za moto, zinaletwa mpaka mlangoni."

Waliokuwa kwenye msafara wanasema Mheshimiwa aliomba maji. Aliporudi, hata kabla hajatoka uwanja wa ndege, aliwaita waandishi wa habari. "Ndugu wananchi," alisema, sauti ikitetemeka, "nimeshuhudia kwa macho yangu mawili. Mkuu wa nchi hii analala chumba kimoja na chapati."

Taifa liliinamisha kichwa. Ikaamuliwa tovuti zote zirudi nyumbani, kwenye seva zetu wenyewe, za chuma, za kushikika. Nisiwe mchoyo wa ukweli: sababu nzuri zilikuwapo. Nyaya za baharini zilikatika mara kwa mara, na kila zikikatika hatukuweza hata kusoma matangazo yetu wenyewe. Lakini sababu hizo hazikutajwa popote. Iliyotajwa ni chapati, na nyingine iliyosemwa kwa kunong'ona wizarani: kitu cha kukodi ughaibuni hakizinduliki. Miaka yote hiyo Waziri alikuwa hajakata utepe hata mmoja.

*

Seva zilifika kwa ndege na kutandikiwa zulia jekundu. Zilipitishwa sebule ya watu mashuhuri, zikavishwa mashada ya maua, na ofisa uhamiaji akaziuliza zimekuwa nje kwa muda gani. Wanafunzi waliimba juani. Kisha zikapelekwa kwenye kilichokuwa kiwanda cha viberiti, zikapangwa kwa madaraja: mashine kubwa ya mbele kwa ajili ya Ikulu na wizara, na ndogo ya nyuma, karibu na stoo ya mifagio, kwa ajili ya wananchi.

Kazi ya kuhamisha alipewa Bi. Nyamizi Luhende, fundi mkuu wa seva, mama wa mapacha, mwanamke wa maneno machache na yote makavu. Alikuwa ameunga mkono kurudi nyumbani tangu mwanzo. "Mali yako ikae unapoiona," alisema, na wakubwa wakampenda kwa siku chache.

Kabla ya kuhama, Bi. Sikitu alimfuata ofisini na sinia lake.

"Mama Kulwa, nimesikia mnahama."

"Tunahama, Mama Havi."

"Na ukurasa wangu?"

"Wote mnahama."

"Niambie vizuri. Usiniambie kama unavyowaambia waandishi."

Nyamizi aliweka kalamu chini. Alijua habari ya ukurasa ule. Kota za Reli nzima iliijua. Havijawa, binti wa Bi. Sikitu, ndiye aliyeutengeneza kabla hajakwenda ughaibuni kufanya kazi za ndani. Huko mwajiri alimnyang'anya simu. Lakini mtoto wa nyumba ile alikuwa na kishikwambi cha michezo, na Havijawa alipomwogesha mtoto alipata nafasi ya kukishika. Mwajiri alikuwa amefunga njia zote za kutuma ujumbe. Ukurasa wa chapati hakuufunga. Nani afunge chapati? Basi kila Ijumaa kwenye kisanduku cha maagizo, kule ambako wateja huandika wanataka ngapi, Bi. Sikitu alisoma maneno kama haya: "Mama nimekula. Mgongo umepoa."

"Ijumaa iliyopita ameandika wanahama mji," alisema Bi. Sikitu. "Akifika ataniandikia jina la mtaa. Nimewapigia simu watu wa ubalozi wetu wa huko, wamesema hawamtafuti mtu bila anwani. Anwani itapitia hapo tu, Mama Kulwa. Mwanangu hajui kwingine."

"Utahama," alisema Nyamizi. "Wako ni mwepesi. Nitauhamisha kabla chai haijapoa."

Bi. Sikitu alimwachia chapati mbili.

*

Kikao cha kupanga uhamisho kiliongozwa na Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Chubwa, mtu ambaye hajawahi kupita mlango bila kutazama kwanza nani anastahili kutangulia.

"Tuanze na ndogo," alisema Nyamizi. "Za wananchi zote zinahama mara moja. Ikulu ni nzito, ina video. Iende mwisho."

Bwana Chubwa aliweka kikombe chini. "Rudia hapo mwishoni."

"Ikulu iende mwisho."

Katibu aliyekuwa akiandika muhtasari aliacha kuandika, kwa usalama wake.

"Bi. Nyamizi, umesoma wewe?"

"Nina stashahada."

"Huko walikufundisha hotuba inaanzaje? Mheshimiwa Rais. Mheshimiwa Makamu. Waheshimiwa Mawaziri. Tunashuka, tunashuka, mpaka mwisho kabisa tunasema mabibi na mabwana. Sasa wewe unataka taifa lianze na mabibi na mabwana?"

"Bosi, mkataba wa kule unakwisha. Ukiisha, wanafuta kila kitu kilichobaki."

"Basi wananchi wataona jinsi tunavyofanya kazi kwa kasi."

Nyamizi alifungua kinywa. Bwana Chubwa akatangulia. "Halafu nimeona unakalia kiti cha plastiki. Fundi mkuu! Siku ya uzinduzi utakaa kiti chenye mikono. Chenye taulo mgongoni."

Wasiotoka nchi yetu wajue kwamba taulo mgongoni mwa kiti si la kujifutia. Ni alama kwamba anayekikalia hapingwi ovyo. Nyamizi hakuwa mtu wa mataulo. Lakini mgongo ulimuuma, kikao kilikuwa kirefu, na nyumbani aliacha maharage jikoni kwa mapacha.

"Sawa," alisema.

Neno hilo liliingizwa kwenye muhtasari, na kikao kikafungwa kwa sala.

*

Uhamisho ulianza na Ikulu. Ikulu ilikuwa na hotuba zote za Mheshimiwa tangu alipokuwa diwani, kila hotuba kwa namna tatu: yenyewe, yenyewe na makofi, na makofi peke yake. Bwana Chubwa alielekeza kwamba kila tovuti ya ngazi ya waziri ikimaliza kuingia, kazi isimame, wimbo wa taifa upigwe, na msemaji wa wizara aikaribishe kwa maneno mafupi. Hakuna msemaji wa wizara anayejua maneno mafupi.

Baada ya wizara zikafuata tovuti za wake wa mawaziri. Kisha za waheshimiwa marehemu, ambazo zilihamishwa taratibu, taa zikiwa zimefifishwa. Kabla ya marehemu ilipenyezwa ya Chama cha Gofu, kwa kuwa Waziri ni mlezi wake.

Nyamizi alikuwa na nywila zote. Mara nyingi alibaki peke yake ndani ya kile kiwanda, mashine zikivuma, na kule ughaibuni ukurasa wa Bi. Sikitu ukiwa umekaa pale pale unasubiri. Kuuchukua kulihitaji kubonyeza mara moja. Seva haingejua nani ametangulia. Bwana Chubwa mwenyewe asingejua, maana hakuwa anajua kuangalia.

Kila mara alisema atafanya ikiisha hii inayoendelea.

Mkataba ulikwisha katikati ya makofi peke yake ya hotuba za marehemu Waziri wa Michezo. Kampuni ya ughaibuni ilikuwa imetukumbusha mara kadhaa kwa adabu, na sasa ikafuta kwa adabu. Mganga wa meno, fundi majeneza na muuza chapati walikuwa bado hawajatajwa. Anwani zao zilikuwa zimeshaelekezwa kwenye ile mashine ndogo ya nyuma, ambayo haijazinduliwa, kwa hiyo aliyefungua kurasa zao aliona maneno haya: "Tovuti hii inamsubiri mgeni rasmi."

*

Siku ya uzinduzi ilikuwa nzuri sana. Mimi mwenyewe nilikuwapo.

Sisi wananchi wa kawaida tuliambiwa tufike asubuhi na mapema, tukafika, tukakaa juani. Baadaye wakaingia watumishi. Jua lilipopanda wakaingia wakurugenzi, kisha makatibu wakuu, kisha mawaziri na ving'ora vyao. Watu wawili walizimia wakatolewa kimyakimya. Mwisho kabisa, tulipokuwa tumesahau tulichokuja kufanya, akaingia Mheshimiwa Rais, na sote tukasimama.

Nyamizi alikuwa kwenye kiti chake chenye mikono, taulo jeupe mgongoni. Aliyekaa jirani yake anasema alimwona akibadilika sura ghafla.

"Anaingia mwisho," alisema Nyamizi.

"Nani?"

"Rais. Kila siku anaingia mwisho. Wadogo wanatangulia, mkubwa anamalizia. Hiyo ndiyo itifaki."

"Sasa ulidhani vipi?"

"Ningemwambia hivyo. Sentensi moja tu. Chubwa angekubali."

Jirani yake hakuelewa, akadhani ni jua.

Mheshimiwa Kasimbazi alisimama kwenye kipaza sauti. "Mheshimiwa Rais, itifaki nyingine ikiwa imezingatiwa. Leo tumeirejesha heshima yetu kutoka vichochoroni mwa mataifa! Leo data ya nchi hii imekanyaga ardhi ya nchi hii! Kuanzia leo, Mheshimiwa, unalala peke yako!"

Tulipiga makofi mengi. Mama Rais hakupiga.

Utepe ulikatwa, kitufe kikabonyezwa, na picha ya Mheshimiwa ikajaa kwenye skrini kubwa. Kisha ikaja chakula. Kwa kuwa serikali inawajali wajasiriamali wadogo, chapati zilikuwa za Bi. Sikitu, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akizipitisha.

"Hongera kwa kiti, Mama Kulwa," alisema alipofika kwa Nyamizi.

"Asante."

"Wangu umeingia? Naona huku kwenye simu yangu wanasema nisubiri mgeni rasmi. Sasa si ndiye huyu amekuja?"

Nyamizi alilitazama sinia. "Mama Havi, wako haupo."

"Haupo wapi?"

"Kule wameufuta. Huku haukufika."

"Uko wapi sasa?"

"Haupo popote."

Bi. Sikitu alisimama pale, sinia mkononi.

"Mama, hizi ni za nazi?" aliuliza katibu mkuu mmoja kutoka nyuma yake.

"Za maji, baba," alijibu Bi. Sikitu, akageuka, akaendelea kugawa, kwa kuwa meza kuu walikuwa bado hawajapata. Mimi nilikula mbili. Zilikuwa laini kama tovuti ilivyokuwa ikisema.

*

Baada ya hapo likatokea jambo lililoisumbua sana wizara. Bi. Nyamizi alianza kujisikia ana hatia, bila kibali.

Alikwenda kwa Bwana Chubwa. "Nimekuja kukiri kosa."

"Kosa gani tena?"

"Kurasa za wananchi zimefutwa. Nilijua zitafutwa, na nywila zilikuwa mkononi mwangu. Nikanyamaza."

Bwana Chubwa alimtazama kwa huruma ya kweli. "Bi. Nyamizi, huna cheo cha kukosa hivyo. Kosa la ukubwa huo linaanzia ngazi ya mkurugenzi. Wewe ngazi yako ni kuchelewa kazini na kupoteza funguo."

"Basi ni kosa lako."

"Mimi? Mimi nilitekeleza maelekezo."

"Basi la Waziri."

"Waziri hatoi maelekezo. Waziri anatoa dira."

"Sasa nani amemfutia yule mama mwanawe?"

"Muda," alisema Bwana Chubwa. "Mkataba uliisha muda. Umlaumu muda."

Walimpeleka kwa daktari wa wizara.

"Unaumwa wapi?"

"Nina hatia, daktari."

"Inauma ukiinama?"

"Inauma nikikaa."

Daktari aliandika kwamba ni kiti kipya, atazoea. Wizara ikatangaza rasmi kwamba mtumishi wetu hana hatia yoyote. Tulimpongeza. Hakupokea pongezi, na jioni ile walimwona akikitoa kile kiti nje, akikaa kwenye ndoo.

Kwa Bi. Sikitu alikwenda pia, akakaa kizingitini akamweleza yote, mpaka maharage.

Bi. Sikitu aliendelea kukanda unga. "Ulitaka nikutukane?"

"Ndiyo."

"Sina muda. Ijumaa inakuja. Atafungua pale, ataona wanamsubiri mgeni rasmi. Fanya kitu, Mama Kulwa. Kulia utalia baadaye."

*

Cha kufanya kilikuwa kimoja. Seva ya wananchi, ile ya karibu na stoo ya mifagio, ilikuwa bado imefungwa utepe ikimsubiri Mama Rais aje aizindue, na Mama Rais tangu siku ile alikuwa amesafiri. Iliyokuwa inafanya kazi ni mashine ya Ikulu tu. Nyamizi akachukua anwani za kurasa zote zilizofutwa akazielekeza huko. Aliyetafuta jino, jeneza au chapati, sasa alifika Ikulu. Na chini kabisa ya ukurasa wa Ikulu, chini ya hotuba, akaweka kisanduku kidogo: "Andika agizo lako hapa."

Juu ya kisanduku hicho ilibaki picha ya Mheshimiwa, na nishani zake, akimtazama anayeandika. Nyamizi aliisogelea kuiondoa. Mkono ulikuwa juu ya kitufe kabisa. Akafikiria mapacha, akafikiria kazi, akaiacha.

Watu wakaanza kuandika. Lakini Bwana Chubwa alikuwa ameifundisha mashine ya Ikulu kujibu yenyewe, kwa namna mbili tu: anayepongeza ashukuriwe, na anayeomba radhi asamehewe. Mtu wa aina ya tatu hakufikiriwa. Basi mzee mmoja aliandika, "Nahitaji jeneza la mtoto, leo hii," akajibiwa, "Ikulu inakushukuru kwa pongezi zako." Waziri alipoona wageni wa tovuti wameongezeka, alisema ni matunda ya kurudi nyumbani.

Ijumaa Bi. Sikitu aliingia kiwandani na sinia. Mlinzi hawezi kuzuia chapati. Nyamizi alifunga mlango, akampa ndoo, yeye akasimama. Skrini ilionyesha wageni walio kwenye ukurasa, kila mmoja kwa alama ndogo ya kijani na nchi anakotoka. Alama zilikuja, zikaondoka. Ikatokea moja kutoka ughaibuni, ikatulia.

"Huyo," alisema Bi. Sikitu.

"Tusubiri."

Kisanduku kikaleta maneno: "Samahani sana Mheshimiwa Rais. Nilikuwa natafuta chapati za mama yangu nikakosea njia. Naomba nisishtakiwe. Sitarudia."

Mashine haikuchelewa hata kidogo. "Umesamehewa."

Ninavyofahamu, huo ndio msamaha pekee ulioombwa katika shughuli nzima ya kurudisha seva nyumbani.

"Ni mzima," alisema Bi. Sikitu, amejishika kifua. "Mwanangu mzima. Amesema yuko wapi?"

"Hakusema."

"Atasema Ijumaa ijayo?"

Nyamizi alishindwa kumtazama. "Amesema hatarudia."

"Ameogopa nini? Kumwandikia mama yake kuna kosa gani?"

"Ameogopa picha. Nilitaka kuitoa, nikaiogopa mimi kwanza."

Ile alama ya kijani ilikuwa bado inawaka. Havijawa alikuwa hajaufunga ukurasa.

Nyamizi akaiondoa picha ya Mheshimiwa. Akaondoa hotuba na nishani. Kwenye ukurasa wa Ikulu ya nchi yetu, mahali pote palipobaki peupe, akaandika: "Havijawa, hujakosea. Ni hapa. Mama yako amekaa hapa anasoma. Andika ulipo."

Kengele ya hatari, ambayo haikulia zilipofutwa kurasa za nchi nzima, sasa ililia mpaka Kota za Reli wakaisikia. Haikupita muda zikasikika mbio za viatu, kisha ngumi mlangoni.

"Bi. Nyamizi! Umemtoa Mheshimiwa!"

"Nimemtoa, bosi. Hili ni la ngazi gani?"

Ngumi zikakoma. Bwana Chubwa alikuwa anafikiri, na alifikiri kwa uaminifu.

"Hilo ni lako," alisema. "Hilo ni lako kabisa. Vunjeni mlango!"

Bi. Sikitu aliweka sinia chini, akaenda, akaubana mlango kwa mgongo wake.

"Usigeuke, Mama Kulwa. Bado yupo?"

"Bado yupo."

"Ameandika?"

"Bado."

"Tazama huko huko. Mimi niko hapa."

Mlango ulisukumwa, ukarudi, ukasukumwa tena. Kisanduku kilikuwa kitupu, na alama ya kijani ilikuwa inawaka.